Goti Bovu, Njia Ipi? Marangu, Machame, Rongai, Meru na Sirimon Zikipimwa kwa Mteremko

Ukiuliza njia ipi ya Kilimanjaro ni rahisi, kila mtu Moshi ana jibu lake, kuanzia dereva wa bajaji hadi mama ntilie wa pale stendi. Uliza njia ipi ni rahisi kushuka, wengi watanyamaza kidogo kwanza. Mwenye goti bovu aanze na swali hilo la pili.

Langu ni la kulia. Liliumia kwenye bonanza la netiboli la kazini, nikitua vibaya baada ya kudaka mpira ambao wala haukuwa na maana. Meniskasi, lile gegedu lenye umbo la mwezi mchanga linalokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, lilichanika. Nikafanyiwa upasuaji mdogo, nikafanya miezi kadhaa ya mazoezi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kisha nikaambiwa naweza kutembea milimani ila nisijifanye mbuzi wakati wa kuteremka. Tangu hapo nimepanda Kilimanjaro kwa Machame, nikarudi miaka mitatu baadaye kwa Marangu, nimefika Lenana ya Mlima Kenya kwa Sirimon, na Meru niliishia Little Meru, kilele chake kidogo. Rongai sijaipanda. Ninayoyasema kuihusu nimeyapata kwa waongozaji, na kwa kuwa njia hiyo inashukia Marangu, nusu yake ya pili naijua kwa miguu yangu.

Kwanza, kwa nini kushuka. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku ikijifupisha, na hiyo ndiyo kazi iliyoizoea. Ukishuka, misuli hiyohiyo inafanya kazi huku ikirefuka, inakuwa breki. Kwa kila hatua, kile kifupa cha mbele kinachoitwa pia ya goti kinagandamizwa kwenye mfupa wa paja, na misuli ikichoka, mzigo unaobaki unapokewa na gegedu na kano. Waulize madereva wa malori ya mteremko wa Kitonga: lori halinuki moshi wa breki likipanda. Sasa jumlisha na hili: mlimani mteremko mkubwa kuliko wote unakuja siku ya kilele, baada ya kutembea usiku kucha, hujalala, hujala vizuri, na hewa ni nyembamba. Breki zako unaanza kuzitumia zikiwa tayari zimechoka.

Kwa hiyo nilichukua daftari nikapiga hesabu. Vimo vya kambi hutofautiana kidogo kati ya kibao na kibao, ndiyo maana nimekadiria:

| Njia | Unashuka siku ya kilele | Unashuka siku ya mwisho | Jumla, kilele hadi getini |
|---|---|---|---|
| Machame au Lemosho (unashukia njia ya Mweka) | mita 2,800 | mita 1,450 | mita 4,250 |
| Marangu au Rongai (unashukia Marangu) | mita 2,200 | mita 1,850 | mita 4,050 |
| Meru | mita 2,050 | mita 1,000 | mita 3,050 |
| Sirimon hadi Lenana, ukilala kambi ya Old Moses | mita 1,700 | mita 650 | mita 2,350 |
| Sirimon hadi Lenana, ukilala kambi ya Shipton | mita 800 | mita 1,550 | mita 2,350 |

Ukitazama jedwali peke yake utasema Meru inaizidi Marangu kwa mbali. Haiizidi. Namba haisemi unakanyaga nini, wala haisemi utatokea wapi goti likigoma katikati. Nitakuja huko.

Machame

Machame ni nzuri, sibishi. Msitu wake, uwanda wa Shira, ile mimea mikubwa ya Barranco iliyosimama kama watu waliovaa makoti. Na kwa kuwa unapanda juu halafu unalala chini, mwili unaizoea hewa vizuri. Ndiyo maana wakala aliyeniuzia safari aliipendekeza. Nilipomtajia goti alicheka: "Dada, goti halipandi mlima, kichwa ndicho kinachopanda."

Ambalo hakunieleza ni kwamba "panda juu, lala chini" maana yake unateremka kabla hata hujakiona kilele kwa karibu. Siku ya tatu unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na kitu, halafu mchana huohuo unashuka zaidi ya mita 600 kwenye mawe hadi kambi ya Barranco. Asubuhi yake kuna ule Ukuta wa Barranco, ambao watu wote wanautisha. Mimi haukunisumbua. Unapanda kwa mikono na miguu, goti linakunjwa hadi karibu na kidevu, lakini halibebi uzito kwa kishindo. Kilichoniuma ni bonde la Karanga mbele yake: unaiona kambi ng'ambo, karibu unaweza kumwita mpishi akawashe chai, kumbe lazima uteremke hadi mtoni kisha upande tena.

Siku ya kilele tuliondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, asubuhi tukawa Uhuru, mita 5,895, nikalia kidogo kama wengine. Kushuka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, hadi Barafu ni changarawe laini, mguu unazama na kuteleza, na goti langu lilifurahia hilo kuliko nilivyotarajia. Tukala supu, tukalala saa moja, tukaambiwa funga mizigo, tunashuka Mweka.

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza. Kutoka Barafu ni mawe yaliyopangana kama ngazi zilizojengwa na mtu mwenye hasira, moja fupi, moja inafika nusu ya muundi. Tulipofika kambi ya Millennium, mita 3,800 hivi, goti lilikuwa limevimba kama andazi. Nilianza kushuka kwa makalio, kama mtoto anayejifunza ngazi. Mwongozaji wetu, kijana wa Kibosho, alisimama akaniangalia, kisha akasema, "Dada, geuka. Shuka kama unashuka ngazi ya dari." Nikageuka, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kurudi kinyumenyume, yeye akiniambia weka kushoto, sasa kulia, hapo kuna utelezi. Na kweli maumivu yalipungua zaidi ya nusu, kwa sababu ukirudi nyuma mzigo wa breki kwenye goti unapungua. Wagumu, yaani wapagazi, walitupita wakikimbia na mizigo kichwani, kila mmoja "pole dada", "pole dada", hadi wa mwisho akasema "pole mama", nikajua nimezeekea njiani. Kambi ya Mweka tuliingia saa mbili usiku kwa tochi. Kesho yake ile mita 1,450 ya mwisho, ngazi za magogo, mizizi na utelezi wa msituni, ambayo wenzangu waliimaliza kwa saa tatu, mimi nilitumia sita.

Lemosho ni ndefu na tulivu zaidi mwanzoni, na siku zake za ziada zinasaidia mapafu. Kwa goti ni kesi ileile, maana inateremkia Mweka hiyohiyo. Kama umeipenda sana, omba siku ya kilele mlale Millennium badala ya kambi ya Mweka. Unagawanya mteremko katika vipande viwili vinavyokaribiana, badala ya kuubeba wote kwa mguu uliokesha. Umbwe, njia nyingine iliyo kali zaidi, waachie wenye magoti mawili mazima.

Marangu

Wajuaji wanaidharau. Wanaiita "njia ya Coca-Cola", eti ya wavivu kwa kuwa unalala kwenye vibanda vya mbao. Nawaomba radhi, lakini hakuna anayeijua thamani ya kitanda kama mwenye goti. Kwenye hema unalala chini, na kuinuka kutoka chini saa tano usiku kwenye baridi, ukiwa umevaa nguo tano, ni zoezi la peke yake. Tena kuna jambo ambalo vipeperushi haviligusi: choo cha kuchuchumaa. Goti ambalo halikunji zaidi ya pembe mraba litakukumbusha hilo mara nne kwa siku. Ukichagua njia ya mahema, mwambie wakala mapema awaletee kile choo cha kukalia cha kubebeka. Kinakodishwa, na kuna mgumu wa kukibeba.

Marangu imepangwa kama kwa rula. Geti lipo karibu mita 1,870, vibanda vya Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila siku unapanda mita 850 hadi 1,000, na njiani huteremki pakubwa. Njia ni pana, ya udongo na kokoto msituni, ya mawe ukikaribia Horombo, kisha tambarare ile kame kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ambapo unatembea kama uko Singida, isipokuwa hewa. Kwa kuwa unarudi njia uliyopandia, unaujua mteremko wako mapema. Mimi nilikuwa napanda huku naweka alama kichwani: hapa nitageuka, hapa nitashika mkono, hapa natelemka tu.

Marangu inadai chake kati ya Kibo na Gilman's. Ni karibu mita 960 za changarawe na mawe, wima, usiku. Ukifika Gilman's Point, mita 5,681, bado kuna saa moja na nusu hadi mbili kwenye ukingo wa kreta hadi Uhuru. Mimi niligeukia Gilman's. Goti lilikuwa halijauma bado, na ndiyo sababu niligeuka: nilitaka lianze kuuma nikiwa Kibo, nisiwe bado ukingoni mwa kreta. Cheti cha Gilman's wanakupa, na hakuna aliyewahi kuniomba nikionyeshe.

Kushuka Kibo hadi Horombo ndiyo zawadi ya njia hii. Unavuka ile tambarare kilomita nyingi mteremko ukiwa hafifu, goti linapumua. Hakuna mahali pa namna hiyo upande wa Mweka. Ila siku ya mwisho, Horombo hadi getini, usiichukulie poa: ni kama kilomita 20 na mita 1,850. Dawa yake ni rahisi, na mawakala wengi hawaipendekezi hadi uombe: lala Mandara wakati wa kurudi. Utalipia usiku mmoja zaidi wa hifadhi, lakini unashuka mita 1,000 leo na 850 kesho, na getini unafika ukiwa unatembea.

Kingine ni mlango wa kutokea. Horombo inafikika kwa njia ya Kilema, ambayo magari ya hifadhi huitumia, na kuanzia Agosti 2022 kuna intaneti iliyowekwa na TTCL hapohapo Horombo, kwa hiyo kuomba msaada hakusubiri mtu akimbie na karatasi mkononi. Machela ya Kilimanjaro ni ile ya tairi moja inayosukumwa na watu kadhaa. Niliwahi kuipisha ikishuka na Mzungu aliyefungwa mikanda kama godoro. Njia pana ndiyo inayoifaa machela hiyo. Fikiria ikipita kwenye ngazi za mawe chini ya Barafu.

Kasoro za Marangu: safari ya siku tano ni ya haraka mno kwa mapafu, chukua sita. Na usiende wiki ya Desemba 9. Tangu Luteni Alexander Nyirenda asimamishe bendera na mwenge kileleni usiku wa uhuru mwaka 1961, tarehe hiyo Watanzania tunapanda kwa makundi, shangwe ni nyingi, vibanda vinajaa, na kwenye foleni ya Gilman's hakuna anayekusubiri ugeuke kinyumenyume.

Rongai

Hii inaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande mkavu wa mlima. Ukame huo ni faida kubwa kwa goti lisilo imara: tope kidogo, utelezi kidogo. Mwinuko wa kila siku ni mpole, isipokuwa siku ya kuingia Mawenzi Tarn, mita 4,300 hivi, inayokaza kidogo. Kisha unavuka hadi Kibo, unapanda Gilman's kama wa Marangu, na kurudi ni Marangu yote. Kwa maneno mengine, mteremko ni uleule wa Marangu, ila unaipanda Kilimanjaro upande usio na msongamano. Gharama yake ni mahema na gari: kutoka Moshi hadi getini ni safari ya saa kadhaa.

Kwa nini basi nisiiweke ya kwanza? Kwa sababu ya siku za mwanzo. Goti likigoma siku ya pili Marangu, unageuka na kurudi njia pana uliyoijua jana. Likigoma kambi ya Kikelewa, uko mbali na kila kitu. Kwa goti ambalo tayari umelipima na kuliamini, Rongai ni chaguo zuri. Kwa safari ya kwanza baada ya jeraha, hapana.

Meru

Mlima wa watu wa Arusha, mita 4,566, na watu huutumia kama mazoezi ya Kilimanjaro. Kwa mapafu ni sawa. Kwa goti ni kinyume: Meru ni mfupi kwa mita na mbaya kwa ngazi. Kutoka vibanda vya Miriakamba hadi vya Saddle Hut njia imejengwa kwa vidaraja na ngazi za mbao, mamia kwa mamia, na vidato vimepimwa kwa miguu ya mtu mrefu asiye na matatizo. Usiku wa kilele unapita miamba na majivu ya volkano kwenye ukingo mwembamba, kuna mahali unashika kwa mikono na upande mmoja hakuna kitu. Kisha siku hiyohiyo wengi hushuka hadi Miriakamba, ndiyo ile mita 2,050.

Jambo la pili ni askari. Meru hutembei bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na wanyama wengine, na vikundi mara nyingi huunganishwa chini ya askari mmoja. Maana yake mwendo wako ni mwendo wa kundi. Mwenye goti anahitaji kuwa na haki ya kuchelewa, na hapo haki hiyo ni ngumu kuipata. Mimi nilipanda Little Meru, mita 3,820, mchana kweupe, nikaliona shimo la kreta na Kilimanjaro ikielea juu ya mawingu, nikarudi Saddle Hut kulala wakati wenzangu wanajiandaa na tochi. Sijutii. Ila zile ngazi wakati wa kurudi bado nazikumbuka, hasa zilizolowa.

Sirimon, Mlima Kenya

Hapa ndipo daftari langu lilinishangaza. Lenana ni mita 4,985, pungufu ya Uhuru kwa 900 hivi. Lakini geti la Sirimon liko juu tayari, karibu mita 2,650. Kwa hiyo mteremko wote kutoka kileleni hadi getini ni mita 2,350, kidogo zaidi ya nusu ya ule wa Machame. Tena mita 650 za mwisho, Old Moses hadi getini, ni barabara ya gari. Land Cruiser inafika Old Moses. Goti likikataa, unapigiwa gari ukiwa umekaa kwenye benchi na kikombe cha chai.

Katikati, kutoka Old Moses hadi Shipton kwenye mita 4,200, ni matembezi marefu yenye kupanda na kushuka vibonde, siku ya kuchosha lakini si ya kuumiza. Usiku wa kilele ni mita 800 tu, changarawe na mwamba mkali karibu na juu, kisha unashuka. Mpango wa kawaida ni kula kifungua kinywa Shipton na kuendelea hadi Old Moses siku hiyohiyo. Omba kulala tena Shipton. Mpango huo unaacha mteremko mrefu kwa siku ya mwisho, lakini siku hiyo utakuwa umelala, umekula, na vipande vyake vikali ni vichache.

Wengi watakushawishi upandie Sirimon, ushukie Chogoria, kwa sababu Chogoria ni nzuri kuliko zote, na ziwa Michaelson chini ya lile genge la mwamba ni kitu cha kuonwa. Ni kweli ni nzuri. Lakini kushuka kutoka Lenana upande huo ni kukali, na ukishaingia bondeni hakuna kurudi nyuma. Naro Moru, njia nyingine ya Mlima Kenya, nayo ina kile kinamasi cha mteremko ambacho mguu unazama hadi kifundo huku mwili unaendelea mbele. Kwa kano lililolegea hilo ni balaa, na kwa sababu hiyohiyo Rwenzori, mlima wa tope na gambuti, nimeutoa kwenye ulinganisho huu kabisa, pamoja na Ol Doinyo Lengai, ile volkano yenye mteremko mkali, ambao wala hauhitaji maelezo kwa aliyewahi kuuona kwa macho.

Kwa Mtanzania kikwazo ni safari ya Nanyuki na ada za nchi nyingine. Kwa Mkenya hakuna cha kufikiri.

Goti lako ni lipi?

Hadi hapa nimeongea kama goti bovu ni moja. Siyo. Na hapa ndipo watu wawili wenye jeraha wanaweza kupewa ushauri mmoja, mmoja ukamfaa, mwingine ukamlaza hospitali.

Goti lililochakaa, lenye gegedu lililolika au maumivu nyuma ya pia ya goti, linaogopa ngazi na kishindo. Linapenda changarawe laini, kwa sababu mguu ukizama, changarawe ndiyo inayopokea kishindo. Kwa goti hilo adui ni Meru na Mweka ya chini, na kipande cha Kibo kinachoogopwa na wengi kwa kushuka ni nafuu.

Goti lisilo imara, la mtu aliyekatika kano hata kama lilishonwa, ni kinyume chake. Ngazi ngumu linaziweza, linajua mguu utatua wapi. Linaogopa kitu kinachosogea: changarawe, tope, jiwe linalobingirika. Kwa huyu, kushuka kutoka Gilman's ni sehemu ya hatari kuliko zote, na Sirimon karibu na Lenana vilevile. Ashuke polepole, ashikwe mkono, wala asiige wale wanaoteleza na kucheka. Kwake Horombo, au Shipton bila Lenana, si aibu.

Goti la tatu ni lile lililovimba mwezi huu, linalojifunga ghafla lisikunjuke, au linaloachia ukiwa kwenye ngazi za nyumbani. Hilo halina njia. Hilo lina daktari.

Kipimo changu cha nyumbani kabla ya kulipa chochote: simama kwenye ngazi moja kwa mguu mbovu, shusha kisigino cha mguu mzima taratibu hadi kiguse chini, rudi juu. Mara kumi bila goti kuingia ndani wala kutetemeka. Halafu nenda vilima vya Pugu ukiwa Dar, au Ngong ukiwa Nairobi, ushuke saa mbili mfululizo, na ulitazame goti asubuhi ya kesho yake. Likiamka limevimba, mlima mkubwa usubiri.

Nusu ya mlima

Kuna chaguo ambazo mawakala hawazitangazi kwa kuwa hazina kilele. Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi unaweza kwenda na kurudi siku moja. Horombo kwa usiku tatu, na matembezi hadi Zebra Rocks, inakupa mlima wa kweli, baridi ya kweli, na nyota ambazo Dar huzioni. Uwanda wa Shira unafikika kwa gari hadi karibu mita 3,500, ukashuka ukatembea tambarare na kurudi. Na kama unachotaka ni siku nne za kutembea na si kimo, Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, unalala kijijini, na goti likilia kuna bodaboda.

Vifaa nitavipitia haraka. Fimbo mbili, si moja. Mwaka 1999 watafiti wa Salzburg walipima na kuona zinapunguza mzigo wa goti kwenye mteremko kwa kiasi kinachofika karibu robo. Zirefushe unaposhuka. Begi lako dogo mpe mgumu wa ziada: utamlipa, na kilo tano mgongoni mwako ni zaidi ya kilo tano kwenye goti. Dawa za maumivu kama Brufen au diklofenaki usizimeze asubuhi ya kilele ili usisikie. Kusikia ndiko kunakokuambia ugeuke, na mwili uliokaukiwa maji mlimani hauzihitaji kwenye figo. Bima isome mstari kwa mstari: ifike mita 6,000 kwa Kilimanjaro, itaje helikopta, na uangalie wanasemaje kuhusu jeraha ulilokuwa nalo kabla.

Ningekuwa wewe

Safari ya kwanza baada ya jeraha, na unataka kilele: Sirimon, kwenda na kurudi, usiku mbili Shipton. Lazima iwe Kilimanjaro: Marangu siku sita, uongeze usiku wa Mandara wakati wa kushuka. Umeshalijua goti lako na hutaki msongamano: Rongai. Machame na Lemosho nisingekukataza kama goti ni lile lililopona kabisa na mtaalamu amekubali, ila ukalale Millennium. Meru ningekwenda tena hadi Little Meru, kiangazi, ngazi zikiwa kavu.

Ukimpigia wakala, usianze na bei. Muulize: usiku baada ya kilele tunalala wapi, na kesho yake tunashuka mita ngapi? Akikujibu kwa namba, endelea kuzungumza. Akikuambia goti halipandi mlima, kata simu.